Mgambo Ukilia, Mgambo Akija

Nilitumia siku tatu kufika Moshi. Siku ya kwanza nilikaa juu ya magunia ya korosho kwenye lori, kutoka Tunduru hadi Masasi, kwa sababu mvua ilikuwa imekata barabara na mabasi yalikuwa hayapiti. Siku ya pili ilikwisha Dar es Salaam, nikalala kwenye benchi la stendi. Siku ya tatu nikapanda basi la kaskazini. Korogwe mkonge ulikuwa umesimama kwenye mistari kama watu waliopangwa foleni, Same upepo ulitujaza vumbi mdomoni, na baada ya hapo watu wote ndani ya basi walianza kutazama upande mmoja, wakitafuta mlima. Haukuonekana. Wingu lilikuwa limeufunika kabisa. Nilikaa wiki nzima Moshi kabla sijauona, na hata nilipouona nilikuwa na haraka ya kwenda kazini.

Katika mfuko wa ndani wa koti nilikuwa na vyeti viwili. Kimoja cha kidato cha nne, ambacho mpaka leo hakijawahi kunipatia kazi. Cha pili cha mgambo. Hicho nilikipata kijijini kwetu, baada ya miezi minne ya kukimbia kwenye uwanja wa mpira wa shule tukiwa na bunduki za mti tulizochonga wenyewe. Mwenzangu mmoja wa mafunzo aliyetangulia Moshi alinipigia simu akasema kuna mzabuni amepewa kazi ya usafi na utaratibu wa barabarani, anataka watu wenye cheti. Mimi nilikuwa mtu wa kuondoka. Nilishaondoka Songea, Makambako na Morogoro. Sikuuliza mara mbili.

Chumba nilikipata Pasua, kwenye nyumba ya mama mmoja mjane. Alikuwa anakaribia miaka sitini, magoti mabovu, mikono mipana ya mtu aliyelima tangu utoto. Nilimkuta uani anapanga ndizi mshare kwenye tenga, zile fupi wanazopikia mtori, supu yao nzito ya ndizi na nyama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wa wapi wewe?"

"Kusini. Tunduru."

"Aisee! Huko kote? Umemkimbia nani?"

"Sijamkimbia mtu, mama. Nimepata kazi hapa. Mgambo."

Akaacha kupanga. "Mgambo upi?"

"Kwani kuna mingapi?"

"Mimi nimeishi na miwili," akasema. "Wewe utakuwa wa tatu. Haya, leta mzigo wako ndani, mvua inakuja."

Nilidhani ananitania. Ilinichukua majuma kadhaa ya kukaa naye jikoni nielewe hesabu yake.

Mgambo wa kwanza ulikuwa wa baba yake, huko Kibosho, na haukuwa mtu. Ulikuwa pembe. Maji ya mlimani yanashuka kwenye vihamba, yaani yale mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba, kwa mfereji wanaouita mfongo. Ukingo ukibomoka au majani yakiziba, baba yake alipanda mahali pa juu akapuliza pembe, na kila nyumba ilitoa mtu na jembe. Ambaye hakutoka alipeleka mbege, pombe ya ndizi, kwa waliotoka, na aibu juu yake. Kwa Kichagga pembe lile lilikuwa na jina lake. Lakini shuleni mwalimu wa Kiswahili aliwafundisha methali, *la mgambo likilia kuna jambo*, na watoto wa nyumba ile wakarudi wakimwambia baba yao kwamba kumbe yeye ndiye mwenye mgambo.

Nami niliikumbuka methali hiyo kutoka sekondari. Mwalimu wetu aliiandika ubaoni, akatuuliza: hiyo *la* ni ya nini? Mgambo hauna *la*. Akasema kuna jina limemezwa hapo mbele. Ni pembe la mgambo, baragumu la mgambo, chombo cha kuwaita watu wakusanyike wasikie tangazo. "Pembe limeanguka," alisema, "limebaki *la* peke yake linaning'inia." Tulicheka. Nilimweleza mama habari hiyo akacheka pia, halafu akachochea moto.

Mgambo wa pili alikuwa mume wake. Wakati wa vita vya Kagera walichukuliwa wanaume kutoka vijijini, si wanajeshi, wakulima waliofundishwa. Neno lilikuwa limehama. Lilikuwa limetoka kwenye kinachoita likaenda kwa walioitwa. Mume wake alirudi na risasi pajani, akawa anaitwa mgambo mpaka kufa kwake, na hilo lilikuwa jina la heshima. Kanisani walimwachia nafasi mwishoni mwa benchi anyooshe mguu.

"Mgambo wa baba ulipolia, watu waliukimbilia," mama aliniambia. "Mgambo wangu aliporudi kutoka vitani, nusu ya kijiji ilimkimbilia barabarani wamshike mkono. Wewe je, mwanangu? Watakukimbilia?"

"Sijui, mama."

"Utajua."

Nilijua siku ya kwanza. Tulishuka kwenye pikapu watu wanane, kofia za kijani, virungu mkononi, karibu na soko. Sauti ya mwanamke mmoja ikapaa, "Mvua hiyooo!" Jua lilikuwa kali, hakukuwa na hata wingu. Mtaa mzima ukainuka. Mabeseni ya nyanya, maturubai, viatu vya mitumba vilivyofungwa kamba, vyote vikapita mbele yangu vikiwa vichwani na mabegani mwa watu waliokuwa wananikimbia mimi. Sikuwa nimewahi kukimbiwa maishani. Msimamizi wetu, mtu mnene mcheshi aliyeniita Korosho kwa sababu ya kwetu, alinipiga begani.

"Korosho, unashangaa nini? Shika kitu! Hata parachichi moja, tuonekane tumefanya kazi."

Nikashika beseni. Ndani yake mlikuwa na maparachichi na kiatu kimoja cha mtoto.

Sitajifanya kwamba niliichukia kazi ile tangu mwanzo. Niliizoea. Mitaa ilikuwa misafi, watu wa maduka walitushukuru, na hakuna aliyeniuliza kidato cha nne nilipata daraja gani. Lakini jina langu lilipotea kabisa. Dukani nilikuwa mgambo, kwenye bomba la maji nilikuwa mgambo. Nilisikia jirani akimwambia mtoto wake anayelia, "Nyamaza, namwita mgambo." Alipogeuka akaniona nimesimama na ndoo, akaona haya, akanisalimia mara mbili.

Mama naye aliuza ndizi zake barabara ileile. Alikuwa na mahali pake, kwenye ukingo wa mtaro wa saruji, chini ya ukuta wa duka. Kila asubuhi kabla sijavaa sare nilimsaidia kupandisha tenga kwenye toroli la kijana wa mtaani. Yeye alishika ukingo mmoja, mimi mwingine, akasema "haya," tukainua pamoja. Magoti yake hayakuruhusu akimbie. Wenzake walipopiga kelele ya mvua, yeye alifunika ndizi kwa kanga na kukaa hapohapo akitegemea uzee wake. Mara mbili ulimsaidia. Mara ya tatu wenzangu wa mgambo walichukua tenga lote, na aliporudi nyumbani alipita mlangoni kwangu mikono mitupu.

Ndipo nilipoanza. Operesheni tulikuwa tunaambiwa jioni ya siku inayotangulia. Asubuhi yake, mama akinipa chai, nilisema maneno mawili tu: "La mgambo." Siku hiyo alibaki nyumbani, akauza kwa majirani. Alipenda sana namna ile. Alisema neno limerudi kwao, limekuwa pembe tena.

"Baba angekuona!" aliniambia siku moja, akifuta machozi ya kucheka. "Mpiga pembe kutoka Tunduru, hata mfongo haujui!"

Tuliishi hivyo karibu mwaka mzima, na nadhani ndio mwaka pekee ambao sikufikiria kuondoka. Tatizo ni kwamba wanawake wengine hawakuwa wajinga. Waliona kwamba siku mama wa Pasua hajafika, mvua huja. Wakaanza kumtazama yeye. Asipokuja, hawakupanga bidhaa. Tukawa tunashuka kwenye pikapu barabara ikiwa tupu kama Jumapili wakati wa misa, tumeshika virungu, hatuna wa kumfukuza.

Msimamizi alicheka mara ya kwanza. Mara ya pili hakucheka. Mara ya tatu alitupanga mstari.

"Kuna mtu humu anapiga pembe," alisema. Sijui kwa nini alichagua neno hilo. "Sitauliza ni nani. Kesho kutwa tunatoka tena. Nikikuta barabara tupu, nitaanza na wale wanaokaa Pasua." Akaniangalia. "Korosho, kwenu mbali, eh? Nauli ya kurudi unayo?"

Tulikuwa wawili tunaokaa Pasua. Mwenzangu, mzaliwa wa Mabogini ambaye mama yake alilima mpunga kule bondeni, aliniambia tulipokuwa tunatembea kurudi: "Kama ni wewe, acha. Mimi nina wa kunilisha wali. Wewe huna."

Asubuhi ya siku ile mama alimimina chai. Nilikuwa nimepanga kunyamaza tu. Nilijiambia kunyamaza si kusema uongo, na kwamba nisiposema kitu atakwenda mwenyewe, na yatakayotokea yatakuwa ya kazi, si yangu. Lakini aliuliza. Hakuwa amewahi kuuliza.

"Leo kuna la mgambo?"

Ndizi zilikuwa zimeshaanza kuiva kwenye tenga, kesho zisingeuzika. Nakumbuka mvuke wa chai. Nakumbuka pia kwamba nilipiga funda kwanza.

"Hakuna, mama."

"Haya," akasema. Tukashika tenga, tukainua pamoja.

Saa nne tulishuka kwenye pikapu. Barabara ilikuwa imejaa. Walikuwa wamemwona yeye amekaa mahali pake, wakapanga vitu vyao wote, hata waliokuwa wameacha kuja. Ikapigwa kelele ya mvua, na watu wakainuka kama siku zote. Yeye hakuinuka. Hakufunika hata ndizi. Alikuwa anawatazama wenzake wakikimbia, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeona watu wanaogopa bure.

"Korosho!" msimamizi aliita nyuma yangu. "Tenga la yule bibi. Wewe mwenyewe."

Nilikwenda. Aliponiona akatabasamu. Nikashika ukingo wa tenga, naye, bila kuuliza kitu, akainuka kwa shida, akashika ukingo wa pili.

"Haya," akasema.

Alidhani nimekuja kumsaidia kuondoka. Akavuta kuelekea Pasua. Mimi nilikuwa navuta kuelekea kwenye pikapu. Kwa muda mfupi tulisimama hivyo, na nikaona anaelewa. Hakuachia. Msimamizi akaita tena, nami nikavuta kwa nguvu, namna unavyovuta kitu kilichonasa. Akaanguka kwa kiuno kwenye ukingo wa mtaro, halafu ndani. Ndizi zilikuwa zimemwagika juu yake.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Alilala hospitali majuma mengi, na mwanawe wa kiume akaja kutoka Dar es Salaam. Nilikuwa nimeshafunga begi langu, namngoja uani anifukuze. Nilitaka anipige. Lakini alinishika mkono.

"Mama anasema alikanyaga ganda akaanguka," alisema. "Umri, ndugu yangu. Tunampeleka Kibosho kwa mjomba, hawezi kukaa peke yake. Tafadhali wewe baki na nyumba. Mama mwenyewe ameridhika. Wewe ni mgambo, utatulindia."

Akanipa funguo zote.

Kwa hiyo nikabaki ndani ya nyumba yake, nikipika kwenye jiko lake, nikilinda. Kazi niliiacha wiki hiyohiyo. Sare niliikunja nikamkabidhi msimamizi, ambaye alisema, "Ajali ni ajali, Korosho," kisha akanipigia simu mara mbili akitaka nirudi. Nilipata kibarua cha kupakia mchanga. Mtaani bado waliniita mgambo.

Mwenzangu wa Mabogini ndiye aliyenishauri kuhusu sale. Ni jani refu la mmea unaopandwa mipakani mwa vihamba. Mchagga akikosewa hata kosa zito, ukimpelekea jani hilo limefungwa fundo, halikataliwi. "Hata mtu aliyetaka kukuua analipokea," alisema. "Nenda."

Nilipanda Kibosho asubuhi moja baada ya mvua. Barabara ilikuwa imeharibika, pikipiki ikanishusha kanisani, nikatembea. Kufika karibu nikaona uzio wa masale umesimama njiani, nikachuma jani moja refu, nikalifunga fundo kama nilivyoelekezwa. Kaka yake, mzee mwembamba aliyenyooka, alinipokea mlangoni. Nikampa shikamoo. Alilitazama lile jani, akanitazama mimi, akanipisha bila swali. Nadhani yeye alikuwa anajua.

Mama alikuwa kitandani kando ya dirisha. Amekonda. Ukutani juu yake lilining'inia pembe, limetobolewa na wadudu. Nikapiga magoti nikamnyooshea jani kwa mikono miwili. Hotuba niliyokuwa nimeiandaa njiani ilinitoka yote kichwani.

Akalipokea. Akaligeuza. "Umelitoa wapi?"

"Hapo njiani, mama. Kwenye uzio."

"Uzio upi? Huo wa kona, wenye jiwe?"

"Ndiyo."

Akaanza kucheka, kicheko kilichomuumiza, mpaka kaka yake akachungulia. "Aisee, njoo usikie! Huyu mtu ameingia kwenye mpaka wangu, ameniibia jani langu, kisha amelileta aniombe nalo msamaha!"

Kaka yake hakucheka. Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti. Alipotulia aliliweka jani chini ya mto.

"Sale halikataliwi," alisema. "Kwa hiyo kwa jani, nimekusamehe. Tumemaliza. Lakini mimi mwenyewe, bado. Unanielewa? Ungenyamaza tu siku ile, ningejua. Ungenitazama chini, ningejua, ningebaki nyumbani. Nilikuuliza, ukanijibu."

"Ndiyo, mama."

Akaonyesha nje ya dirisha. Kulikuwa na mgomba wa mshare, mkungu ndio kwanza umechomoza, bado una ua jekundu chini. "Nipe muda. Mkungu ule ukikomaa, urudi. Tutapika mtori, nitakuambia kama nimeweza."

Mkungu huchukua miezi mitatu, minne. Nilihesabu. Mwezi wa tatu nilisema bado haujajaa. Mwezi wa nne palikuwa na mchanga mwingi wa kupakia, na mvua, na barabara ya Kibosho kila mtu anaijua. Ukweli ni kwamba niliogopa atasema hapana. Nikaogopa zaidi atasema ndiyo, kwa sababu baada ya hapo ningelazimika kuishi naye nikijua anajua. Nimeondoka sehemu nyingi, na mara zote nilikuwa na sababu nzuri kama hizo.

Kisha kaka yake akapiga simu. Alisema sentensi moja na siku ya mazishi.

Walimzika kwenye kihamba chake, kinachopakana na cha kaka yake, karibu na mume wake. Wanawake wa barabarani walikuja wengi, wamevaa kanga zinazofanana, nami nikajikuta nimesimama mbele yao bila kofia wala kirungu. Nilingoja waninyooshee kidole. Hawakufanya lolote. Walinitazama, wakasogea kidogo ili nipite, na nilipopita wakaendelea kuimba.

Baada ya udongo kurudishwa, watu walikaa kula chini ya turubai. Kaka yake alinijia na bakuli la mtori, akaketi karibu nami. Nje ya dirisha la mama niliona mgomba umekatwa, kisiki bado kinatoa maji.

"Ulikomaa wiki tatu zilizopita," alisema. "Ndege wakaanza kuudonoa. Nikachukua panga, akanikataza. Kila siku nikachukua panga, kila siku ananikataza. Alisema kuna mtu anakuja." Akatazama bakuli mikononi mwangu. "Jana ndiyo tumeukata. Kula, mgambo, usipoe."

"Alisema... alikuwa ameamua nini, mzee?"

"Hakuniambia mimi. Hilo alikuwa amekuwekea wewe."

Nilikula. Ulikuwa mzito, wa moto, uliotiwa nyama nyingi kama inavyopaswa msibani. Nililamba kijiko kwa sababu ingekuwa vibaya kubakiza. Kisha nikatoa funguo zote za nyumba ya Pasua mfukoni nikampa. Alizishika tu.

Sikupita Pasua kuchukua begi. Nilitembea kutoka Kibosho kushuka mpaka lami, zaidi ya saa mbili, nikipita mfongo uliojaa majani makavu bila tone la maji, na hakuna mtu aliyekuwa anausafisha. Stendi nilipanda basi la kwanza lililokuwa linaondoka. Kondakta aliponiuliza nashuka wapi, nilimwambia mwisho.